Kioo cha Njano Ndani ya Fromaji

Jumatatu, 4 Machi

Vioo kumi na viwili vya makohozi tangu asubui. Macho imechoka, mugongo pia. Moyo iko muzuri.

Kumi na moja giza safi. Kimoja kina nyota: muzee wa juu ya mulima, anakohoa tangu Noeli. Kifua kikuu. Papa Sebastiani, tituleri wetu, yaani mukubwa wa santre ya afya, atamwanzishia vidonge kesho. Muzee alilia kidogo. Kisha akauliza kama atakatazwa kasiksi. Nikamwambia ndiyo, pombe hapana, miezi sita. Akalia zaidi.

Naipenda hii mashine. Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna tena mwenye kunisikiliza, wamechoka na hadithi yangu. Basi nasema peke yangu. Unapaka makohozi kwa kioo, unatia dawa ya njano, unaosha, unaingiza chini ya mikroskopi. Taa inashusha mwanga wa bluu. Mikrobe yenye kunywa dawa inarudisha mwanga wa njano, kidogo, kidogo sana. Lakini bluu nayo inarudi, inajaza pahali pote, huwezi kuona kitu. Sasa njo kazi ya filtri, chujio la mwanga. Kuna mbili. Ya taa inachagua mwanga unaoingia. Ya juu, njiani kwenda kwa jicho, inachagua mwanga unaotoka. Hii ya juu, mwalimu wa mafunzo aliiita filtri ya emisio. Kioo cha njano, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Bluu ikifika pale inasimamishwa. Njano inapita. Mikrobe inabaki inawaka peke yake mu giza.

Kutoka hapa Bihambwe mpaka ziwani kuna barieri ngapi, kamba na bunduki kukata njia, mimi sihesabu tena. Hii yangu njo moja tu inayofanya kazi bila kuomba kitu.

Riziki amebakiza vidonge vya siku ine. Miezi sita imekwisha hivi. Ni mutoto wa dada mukubwa wa mama, tumekulia nyumba moja, kwa hiyo ni dada yangu, hakuna kupima zaidi. Nimemuwekea kikopo cha makohozi ya mwisho. Kioo kikiwa giza, namwandikia karatasi: amepona. Kasereka, muchumba wake, anangoja hiyo karatasi. Zaidi ya Kasereka anangoja mama yake, Mama Kavira, mufanyabiashara wa Butembo, mwenye kamyo ya mizigo na maduka. Alisema wazi mbele ya wote: karatasi kwanza, harusi baadaye. Riziki anasema yeye hana haraka. Gauni ameshashona, iko chini ya kitanda, anafikiri sijaiona.

Jumanne, 5 Machi

Bunduki upande wa mulima tangu saa tatu. Bado mbali. Kila muntu ametoa roho ya mashine yake.

Njo desturi yetu tangu vita. Hakuna mwenye kuifundisha, unaikuta tu. Mwenye kinu anatoa mukanda. Wa pikipiki wanatoa buji, ile ya kuwasha moto. Riziki ametoa sindano mu mashine ya kushona, na kile kijumba cha uzi cha chini, akafunga mu kitambaa. Mashine isiyo na roho haiibiwi. Ao ikiibiwa, inatupwa njiani, unaiokota.

Mimi natoa filtri. Mara ya kwanza niliificha mu nywele. Nikasikia kijiji cha pili watu wa bunduki walivua wamama vitambaa vya kichwa, walikuwa wanatafuta simu. Basi nywele hapana tena.

Leo nimepata akili. Mama anatengeneza fromaji, yaani jibini ya maziwa, kama wengi hapa wenye ng'ombe. Vita ikikaribia anazishusha zote mu shimo chini ya kuni, na mu miaka hii yote hakuna hata mumoja aliyeipata ile shimo. Kuna moja kubwa ya zamani, ngozi ngumu, njano kabisa. Haiuzwi. Mwaka muzima sijaona ikiguswa, ila kupanguzwa kwa maji ya chumvi kila wiki. Nikasema hii njo haitatoka mu nyumba. Nikachimba tundu upande wa chini kwa kijiko. Filtri mu kitambaa safi, kitambaa mu plastiki, plastiki mu tundu. Nikarudisha kizibo, nikapaka siagi na unga kidogo. Mama mwenyewe hawezi kuona. Nimejisifu njia yote.

Sikumwambia mama. Mama akipewa siri saa ine, saa tano iko sokoni.

Tunashuka kwa shamba la shangazi. Riziki amebeba gauni. Si vidonge, si sufuria. Gauni. Vidonge nimebeba mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Tumerudi. Wote wazima, Mungu asifiwe.

Mulango wa santre umevunjwa, viti vimeenda, godoro mbili pia. Mashine iko.

Papa Sebastiani hakukimbia. Anasema goti lake lilikataa. Alibaki na wagonjwa wawili wasioweza kutembea. Anasimulia: kijana mumoja wa bunduki, mwenye kuamuru wengine, akaona mikroskopi, akasema onyesha inafanya nini. Papa akawasha. Kijana akainama, akaona bluu tupu, macho ikaanza kumutoka machozi. Akaruka nyuma. Akasema hii kitu inapofusha watu, na akatoka nje bila kuigusa. Papa ameigiza vile alivyokuwa anapangusa macho na kofia. Tumecheka mpaka wagonjwa wakatuambia tupunguze.

Nilimwambia filtri iko pahali pazuri. Hakuuliza wapi. Desturi pia.

Muchana kutwa nimefagia vipande vya kioo. Mvua. Nyumbani kuni iko pahali pake, na mama amesharudisha fromaji zote juu ya ubao. Kesho jioni, mama akitoka, nitatoa filtri.

Ijumaa, 8 Machi

Fromaji haiko.

Acha niandike polepole.

Njia ilifunguliwa jana jioni. Asubui kamyo ya Mama Kavira ikapita, inapeleka mucele na sabuni Walikale, kwa maduka yao na kwa wachimbaji wa madini wa Bisie. Mimi nilikuwa nimeshaenda kazini. Mama Kavira akasimamisha kamyo, akashuka, akaingia kusalimia. Mama hakuwa amejitayarisha, hana kuku, hana soda. Akanyoosha mukono juu ya ubao, akatoa ile kubwa.

Kumbe ile njo ya wakwe. Mama aliitengeneza mwaka jana, wiki Kasereka alipokuja kujitambulisha. Alikuwa anaitunza kwa siku mukwe wa kike atakapoingia mu nyumba. Njo maana haikuuzwa. Njo maana chumvi kila wiki. Mimi Noela, laborantini mwenye diploma, nalipwa kwa kuona vitu vyembamba kuliko unywele, sikuona fromaji ya wakwe ndani ya nyumba yetu.

Na haiombwi. Zawadi ya wakwe ikirudi ilikotoka, uchumba umekufa. Kwetu ni hivyo, kwao Butembo ni hivyo. Nikituma muntu aseme "tunaomba ile fromaji," wataelewa tumewakataa.

Mama Kavira ameacha neno. Anarudi Alhamisi, anaendelea moja kwa moja Butembo kwa Pasaka, na anataka karatasi ya Riziki mukononi. Kama haiko, atamutafutia Kasereka musichana wa nyumbani kwao, mwenye mapafu yanayojulikana. Alisema hivyo hivyo, mapafu yanayojulikana. Mama amerudia neno hilo mara tatu na bado halijamushuka.

Leo pia Riziki amekunywa kidonge cha mwisho. Alicheza mu jikoni na ufagio. Nilipiga makofi. Nilikuwa natabasamu kwa mudomo tu.

Sijamwambia muntu. Kuna kitu kibaya zaidi: kama mutoto mu Walikale atauma kipande chenye kioo. Sitaki kufikiri hiyo.

Jumamosi, 9 Machi

Natafuta filtri nyingine. Dawa nyekundu ya zamani, ile ya mikroskopi ya kawaida, ilikwisha tangu njia ifungwe. Kwa hiyo ni bluu na njano, ao hakuna.

Kwa kujaribu siharibu makohozi. Natumia vile vijani vidogo vinavyoota juu ya jiwe la tangi la mvua, vyembamba, jani zima unene wa karatasi. Unaweka kimoja na tone la maji, kiko hai vile vile. Chini ya bluu, na filtri nzuri, ile kijani yake inawaka nyekundu kama makaa. Unaona vijumba vyake vyote, ukuta kwa ukuta, na ndani vitone vyekundu. Siku ya kwanza nilipoona hivyo niliita santre nzima, hata mupishi.

Nimejaribu:

Kipande cha chupa ya bia. Giza lote. Inasimamisha bluu, inasimamisha njano, inasimamisha na nyekundu. Kama ile barieri ya chini ya mulima, hakuna anayepita.

Kitambaa chembamba cha mama cha kanisani. Naona nyuzi za kitambaa.

Kopo la plastiki la rangi ya chungwa. Ukungu.

Karatasi ya bomboni, ile pipi ya watoto, ya rangi ya chungwa inayong'aa. Nilikula bomboni sita kupata karatasi sita, nikazipanga moja juu ya nyingine. Na hapo, jani likawaka nyekundu. Nilipiga kelele. Kisha nikaangalia vizuri. Pembeni hakuko giza, kuko njano hafifu pahali pote. Karatasi ya bomboni yenyewe inawaka. Niliweka barieri, barieri imejiunga na wezi.

Tumbo linauma. Bomboni sita.

Jumatatu, 11 Machi

Riziki ameleta makohozi. Ilichukua asubui nzima. Kifua chake hakina tena kitu cha kutoa. Alipanda mulima mbio mara mbili, akavuta moshi wa jikoni, akakohoa mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Mwishowe akanipa kidogo, unene wa ukucha. Akasema, "Tunza vizuri, hiyo njo ya mwisho mu duka."

Imetosha kioo kimoja. Kimoja tu.

Nimekipaka dawa, nimekisoma na karatasi ya bomboni. Ukungu wa njano, ukungu wa njano, halafu mu mustari wa tatu kuna kitu. Kirefu kidogo, chembamba, kinawaka. Mikrobe? Uzi? Sombe ya jana, yale majani ya muhogo? Na filtri ya kweli ningejua kwa kupepesa jicho. Mikrobe iko na rangi yake ya dhahabu, uchafu uko na yake. Na bomboni kila kitu ni rangi ya bomboni.

Nimeangalia ile kitu mpaka jicho likaanza kuruka.

Nikamwambia Papa Sebastiani yote. Tundu, kijiko, siagi, Walikale. Hakucheka, na yeye ni muntu wa kucheka. Akasema kioo kitangoja? Nikasema mu boksi yenye giza, siku ine. Baada ya hapo dawa inafifia, hata filtri ya Ulaya haitasaidia. Leo ni ya kwanza. Alhamisi ni ya mwisho.

Akasugua goti. Akasema, "Noela, huyu mutoto amenona. Hakohoi. Andika negatifu, mimi naweka stempu."

Nikamukasirikia. Nimemukasirikia juu nilikuwa nimeshafikiri hivyo kabla yake, tangu Ijumaa, kila siku. Ni kalamu tu. Neno moja. Lakini nimesoma vioo vya watu wa vijiji vyote hivi, na wanaamini juu sijaandika hata mara moja kitu ambacho sijaona. Na kama ile kitu ni mikrobe? Ataingia mu nyumba ya watu, alale na bwana, azae, akohoe juu ya mutoto. Na mimi njo niliandika.

Nimefunga kioo mu boksi, boksi mu kabati, ufunguo mu shingo. Riziki aliuliza karatasi iko wapi. Nikamwambia kioo kinakauka. Amenitazama vile ananitazamaga tangu tuko watoto nikisema uongo. Akageuka, akaenda.

Jumatano, 13 Machi

Nimepanda kwenye jiwe la juu, pahali simu inashika. Kasereka akapokea. Wako njiani wanarudi, kamyo imejaa mafuta ya ngazi, yaani mawese, na ndizi, magurudumu yalizama mara mbili mu matope ya pori.

Nikazunguka kwanza. Habari ya njia, habari ya Walikale, habari ya mvua. Halafu nikauliza, sauti ya kawaida, kama fromaji yetu iliwapendeza.

Akacheka. Akasema hakuna aliyeionja. Ku barieri moja walitaka kuichukua. Mama yake akaitia chini yake, akafunika na kikwembe, akasema yeye ni mama mwenye miguu inayouma, hawezi kusimama. Tangu siku hiyo, kila barieri anaikalia. Mu Walikale wateja wakaomba kipande, akakataa. Anaipeleka Butembo kuonyesha ukoo.

Nilitaka kuimba pale juu ya jiwe. Filtri iko. Hakuna mutoto aliyeuma kioo.

Halafu Kasereka akaendelea. Mama yake amesema fromaji ya wakwe haikatwi mpaka karatasi itoke. Kuikata njo kusema tumekubali. Karatasi ikiwa nzuri, itakatwa. Ikiwa mbaya ao isipokuwepo, anairudisha kwetu Alhamisi bila alama ya kisu, na mambo yamekwisha kwa heshima.

Nikakaa chini.

Kwa hiyo: fromaji haikatwi bila karatasi. Karatasi haiandikwi bila filtri. Filtri iko mu fromaji.

Nilirudia hiyo njia yote nikishuka. Mwenye kinu akaniuliza kama naomba rozari.

Na nikirudishiwa nzima, nitakuwa na filtri, na Riziki hatakuwa na bwana. Hiyo pia nimefikiri. Fromaji mukononi mwangu, mashine nzima, na dada yangu na gauni yake chini ya kitanda.

Kesho nitasema ukweli. Sina kitu kingine. Naogopa Mama Kavira kuliko niliogopa bunduki.

Alhamisi, 14 Machi

Acha niandike yote kwa utaratibu.

Kamyo ilifika saa nane. Mama Kavira akashuka mwenyewe, hakutaka kushikwa mukono. Mwanamuke mufupi, mabega ya kubeba dunia. Fromaji mbele ya tumbo, imefungwa mu kikwembe. Kasereka nyuma yake. Mama akawapa viti, vile viwili vilivyobaki kijijini. Papa Sebastiani akaja na stempu mu mufuko, nafikiri bado alikuwa na tumaini. Riziki akasimama kwa mulango wa jikoni.

Mama Kavira akauliza karatasi.

Nikasema hakuna karatasi. Nikasema kosa ni langu, si la Riziki, na naomba nimalize kabla hajasimama. Nikasema yote. Bunduki, roho za mashine, kuni, kijiko, siagi na unga. Kwamba kioo cha dada yangu kiko mu boksi, kinafifia, leo njo siku yake ya mwisho, na jicho la kukisoma liko pale juu ya magoti yake.

Mama yangu alishika kichwa kwa mikono mbili. Kasereka aliangalia fromaji kama ingeanza kusema.

Mama Kavira akaigeuza. Akapitisha kidole upande wa chini, polepole, mpaka akapata pale.

"Kumbe wiki nzima nakalia mashine ya serikali."

Hakuna aliyejua kama ni ruhusa kucheka.

Halafu akaniangalia mimi. "Wewe ungeandika tu vizuri. Mimi ningejua nini?"

Nikasema angekuwa hajui yeye, ningejua mimi.

Halafu akaomba kisu.

Mama yangu njo alisema hapana. Mama yangu mwenyewe. Akasema, "Mama, ukikata umekubali, na kioo hakijasomwa. Hatutaki kukukamata na ujanja." Nimemupenda mama vile sijawahi.

Mama Kavira akasema anajua maana ya kukata, yeye njo amekaa juu ya hii fromaji barieri nane. Akasema watu wenye kusema kosa lao mbele ya mukwe, mu wakati huu wa uongo, yeye hawaachi barabarani. Akamugeukia Riziki. "Kama ungali mugonjwa, dawa utakunywa kwangu. Miezi sita, ao kumi. Nitakuwa nakuhesabia vidonge mimi mwenyewe, na utachoka na mimi."

Akakata.

Vigelegele vya mama vilisikika mpaka sokoni. Riziki alikaa chini mu mulango na kulia, na mimi nikalia, na Papa Sebastiani akapangusa macho na kofia vile vile kama yule kijana wa bunduki.

Filtri ilitoka kavu. Plastiki ilifanya kazi yake. Nikakimbia nayo labo, wote nyuma yangu, hata dereva wa kamyo. Nikaipangusa kwa alkoli, nikaipangusa tena. Nikairudisha pahali pake. Kwanza kile kijani kidogo cha jiwe la tangi. Nyekundu, ukuta kwa ukuta, na pembeni giza nzuri. Nikatoa kioo cha Riziki mu boksi.

Nilisoma mistari yote. Mwanzo mpaka mwisho, kisha kurudi. Walikuwa wananipumulia shingoni. Mustari wa tatu, ile kitu. Niliikuta. Chini ya filtri ya kweli haikuwa dhahabu hata kidogo. Kijani hafifu, imejikunja, nene kupita mikrobe yote niliyowahi kuona. Uzi. Uzi wa pamba, wa kushonea. Amekuwa akikata uzi na meno juu ya ile gauni, mutoto huyu, na uzi ukaingia mu kikopo.

Zaidi ya hapo hakuna kitu. Giza, giza, giza.

Mama Kavira akataka kuangalia yeye mwenyewe. Nikamuwekea kiti, nikamuonyesha pa kuweka jicho. Akaangalia muda murefu.

"Sioni kitu."

"Njo vizuri, Mama."

Akaangalia tena.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua ndogo. Njia bado wazi.

Vioo vitatu tu leo. Vyote giza. Muzee wa kasiksi alipita kuchukua vidonge vya wiki, anasema maji hayana utamu.

Filtri inanuka fromaji kidogo ukikaribia. Haidhuru kuona.

Mama Kavira amekwenda Butembo na karatasi ya Riziki, imeandikwa amepona, na nusu ya fromaji. Nusu ingine aliigawa hapa mwenyewe, kwa kisu chake, nyumba kwa nyumba. Kile kipande chenye tundu alinipa mimi, akasema nikile chote. Nimekila sasa hivi na viazi, mu labo, mulango wazi. Chumvi imezidi.

Riziki anashona pale nje chini ya paa. Naisikia mashine. Kesho Padri anasoma kanisani tangazo la kwanza la ndoa yao.